Kipupwe cha Mama Mkwe

Enzi za Wajerumani, kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru, masika yakiisha ndipo vifua vilipoanza. Ukungu ulishuka migombani asubuhi ukakaa mpaka mchana, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa. Njia ya kwenda zahanati ya misheni, iliyokuwa na watu wachache wakati wa jua, ilijaa akina mama wenye watoto mgongoni.

Mama mkwe wangu hakuipenda njia ile. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya, Mmeru niliyelelewa karibu na boma la Arusha na kukijua Kiswahili huko, na yeye alinifundisha kila kazi ya mlimani bila kunifokea. Kila kipupwe alikohoa. "Ni baridi tu, mwanangu," aliniambia. "Itapita."

Mwaka ule haikupita. Asubuhi moja akawa anashika mbavu, maneno yanamkatikia mdomoni. Mume wangu na mdogo wake wakafunga ngozi ya ng'ombe kwenye miti, wakambeba, tukashuka kwenye utelezi. Njiani aliwagombeza kwa mkono kwamba wanamtikisa. Nikafurahi: nguvu za kugomba bado anazo.

Muuguzi wa zahanati, mama wa Kijerumani mfupi mwenye mikono myekundu, alitega sikio mgongoni kwake akasema ni kichomi. Alimketisha ameegemea mto, akamkanda kifua kwa vitambaa vya moto, akaniambia nimnyweshe uji kidogo kidogo. Dawa hazikuwa nyingi zaidi ya hizo. Nilikaa kando yake nikisikiliza kila pumzi, nikiogopa ile inayofuata.

Homa iliposhuka, muuguzi alitukalisha chini. Alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri kwa Kimeru:

"Nyumba yenu ina moshi mwingi. Mama asilale karibu na moto, na mbuzi watoke nje."

Mama mkwe akaniambia, "Mwambie aje alale kwangu bila moto, baridi hii hii, halafu tuongee."

"Mama anakushukuru sana," nikamwambia muuguzi.

Muuguzi akamtazama usoni, akaangua kicheko. "Hakusema hivyo!"

Mama mkwe naye akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukamshika huku na huku.

Tuliporudi nyumbani, mbuzi walibaki ndani. Ila kitanda alikihamishia upande wa mlango, akidai amechoka tu kulala pale pa zamani.

Tangu hapo, ukungu ukianza kushuka, alipita kwa majirani kuwatazama watoto. Akimwona mtoto ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, alisema, "Huyu aende leo." Kama mama wa mtoto aliwaogopa wazungu, mama mkwe alimsindikiza mwenyewe, kichwani mkungu wa ndizi wa kumpa muuguzi. Kisha yeye na muuguzi walikaa barazani wakizungumza, huyu kwa Kimeru, yule kwa Kiswahili chake, wala hawakuniita kutafsiri.