Kikohozi Mbele ya Mkwe

Mume wangu aliangukiwa na jiwe shimoni, kwenye dhahabu ya Geita, mbavu za kushoto zikavunjika. Siku ile zahanati ya mgodi ilimpiga sindano, akalala kama mtoto aliyeshiba. Kesho yake hapakuwa na sindano tena. Alipewa aspirini kwenye karatasi na kitambaa kipana cha kufunga kifua. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, akanivuta pembeni.

"Mama, vidonge hivi si vya kumlaza. Ni vya kumpa nafasi akohoe. Ameze, asubiri kidogo, akumbatie mto, akohoe. Na kitambaa usikaze sana. Makohozi yakilala humo ndani ndiyo yatamuua, siyo mfupa."

Asiyeshika sururu hakuwa na chumba kambini. Kwao kulikuwa mbali, kupita Isaka, na lori lingemmaliza njiani. Kwetu palikuwa karibu, nikampeleka huko, kwa wakwe zake. Laiti kungekuwa na pengine.

Kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali chakula naye, na kuugulia mahali anaposikia ni aibu kama kuvua nguo. Nyumba yetu iligawanywa na ukuta mmoja wa udongo. Upande huu alilala mgonjwa wangu, upande wa pili mama alisaga mtama, na muda wote alipokuwa akisaga mume wangu alibana pumzi.

Vidonge alimeza. Niliona uso wake ukilegea, nikampa mto. Akaelekeza kidevu ukutani.

"Mama yupo."

"Na ajue unaumwa. Kohoa."

"Nitakohoa akienda kisimani."

Mama alipokwenda kisimani, nguvu ya kidonge ilikuwa imekwisha, na bila kidonge kukohoa kulikuwa kama kuchomwa mkuki. Basi akanyamaza tena.

Nikamwendea baba, nikamwomba amruhusu mama akakae kwa shangazi kidogo. Akanikatiza.

"Nimtoe mke wangu nyumbani kwake kwa ajili ya kikohozi? Watu watasema nini?"

Watu wa nyumbani wakamletea majani ya kuponda. Wakamkanda kwa chumvi ya moto, wakamchanja chale ubavuni, wakakaza kile kitambaa nilicholegeza mimi. Walimpa kila dawa isipokuwa ruhusa. Homa ilipopanda, hata angetaka kukohoa asingeweza.

Msibani wanaume walimsifu kwamba hakugumia. Mama alifuta machozi, akasema kwa fahari, "Mkwe wangu alinistahi. Mpaka anakata roho sikusikia kikohozi chake." Nilitamani kumpiga, mama yangu mzazi, na sitasema uongo kwamba hamu hiyo iliniisha. Vidonge vilivyobaki vilikuwa bado kwenye pindo la kaniki yangu.

Miaka ikapita, mama naye akashikwa na kifua. Alikohoa kutwa kucha mle mle ndani, nyuma ya ukuta ule ule, na waume wa wadogo zangu wamekaa uani wanamsikia. Hakuna aliyeona aibu. Baba mwenyewe alimsugua mgongo, akambembeleza, "Kohoa, mayu, kohoa mama, yatoke."