Nondo Mwenye Fuvu Mgongoni

Restituta alikuwa mwanamke wa kucheka. Watu wa kijiji chake, Nyamahanga, walikisikia kicheko chake kabla ya kumwona sura. Lakini tangu Jumamosi hakucheka. Mumewe Matiasi, utingo wa lori la mahindi, alikuwa safarini kuelekea Rusumo, na simu yake ilikuwa haipatikani. Restituta alipiga mpaka akaichukia sauti ya yule dada wa mtandao.

Asubuhi hiyo aliingia bustanini kupalilia nyanya chungu, maana kukaa ndani kulimtia wazimu. Akainua jani. Kwenye shina alikuwa ametulia nondo mkubwa, mpana kama kiganja, na mgongoni mwake palikuwa na alama ya fuvu la mtu. Macho mawili, taya, kila kitu. Restituta akamgusa kwa mpini wa jembe, na nondo akalia kama panya aliyebanwa na mlango.

“Matiasi amekufa,” alisema peke yake.

Akamfunika mdudu kwa sufuria, akaliegemeza jembe ukutani, akajitanda kanga na kuketi kizingitini.

Sasa, kwao hakuna anayelima kijiji kikiwa na msiba. Jembe likipumzishwa asubuhi ya palizi, nyumba hiyo ina maiti au ina mvivu, na Restituta hakuwa mvivu. Jirani yake Adventina alimwona, naye akaacha kulima. Akamwita mwenzake, huyo akamwita mwingine. Muda si muda wanawake walikuwa wakishuka kijiani kimya kimya, kuni kichwani na maharage vikapuni.

Restituta aliwaona wakija na kuni. Angefikiri nini kingine? Wamepata habari kabla yangu, alijiambia. “Matiasi wangu!” alipiga yowe, nao waliposikia jina wakajua ni nani wa kumlilia. Uwanja mzima ukalipuka kwa kilio cha mtu ambaye hakuna aliyejua alipo.

Mzee Benedicto, mfuga nyuki, ndiye aliyewatuliza. “Habari hizi zimeletwa na nani?”

Restituta aliwanyooshea kidole wanawake. “Na hawa, baba.”

“Sisi?” Adventina alishangaa. “Si wewe uliyeweka jembe chini?”

Ndipo Restituta alipoonyesha sufuria. Benedicto akaifunua na kumshika nondo mabawa. Mdudu akalia, na wanawake wakatawanyika huku wakijigonga kwenye kuni zao wenyewe.

“Huyu ni mwizi wa asali,” mzee alisema. “Namtoa kwenye mizinga yangu kila mwaka. Na yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, mnayemkanyaga kwenye nyanya chungu, ndiye mtoto wake. Hajatumwa na mtu.”

Restituta akashusha pumzi, lakini nusu tu. Mdudu ameshajulikana, mume je? Akaenda nyuma ya nyumba kunawa uso, akapiga tena. Haipatikani.

Haingepatikana. Simu ile iliibwa njiani, pale Lusahunga, mwenyewe akiwa amesinzia ndani ya lori. Wakati huohuo Matiasi alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba akiwa na mkate mkononi, akaona kuni, vikapu, na wanawake wenye macho mekundu. Mkewe hakuwa kati yao. Hakumuuliza mtu. Mkate ulimtoka mkononi, akapiga magoti, akalia jina la Restituta kwa sauti iliyowafanya watu watazame chini.

Restituta alikuja mbio, maji yakimchuruzika usoni. Matiasi alipomwona alirudi nyuma kwa woga, kisha akalishika pindo la kanga yake. Katika miaka yote ya ndoa yao, Restituta hakuwahi kumwona akilia. Sasa alilia mbele ya mzee Benedicto na wanawake wote, bila haya.

“Usinifie,” alisema. “Restituta, usinifie.”

“Sijafa, mume wangu. Niko hapa.”

Hata hivyo Matiasi hakuiachia kanga.