Diski Sita na Nyundo Moja

Kila asubuhi, kabla hata ya kusalimia mtu, Fundi Waya aliingia chumba cha nyuma cha studio ya picha akaweka kiganja juu ya sanduku la diski, kama mama anavyompima mtoto homa. Akilikuta vuguvugu tu, anashusha pumzi, ndipo anatoka kwa wenzake.

"Mgonjwa kaamkaje?" wanamuuliza.

"Hajambo. Nyie mmeamkaje?"

Ndani ya sanduku mlikuwa na diski sita, na ndani ya hizo diski picha zote ambazo studio ilipiga kwa miaka kumi na mmoja. Waya mwenyewe ndiye aliyeziunganisha kwa programu zibebane, kama watu sita waliobeba kitanda cha mgonjwa. Mmoja akijikwaa, watano wanamudu. Wawili wakijikwaa kwa mpigo, mgonjwa yuko chini.

Lakini sasa ulikuwa mwezi wa nne diski zinajikwaa. Leo moja iko kwenye mstari, kesho imetoka, taa yake nyekundu. Na pale studio diski iliyotoka hailali. Zamani moja iliokotwa jalalani, picha za bibi harusi zikazagaa mtaa mzima, na studio ikanusurika kufungwa. Tangu siku hiyo, taa nyekundu ikiwaka mtunza stoo anaichomoa diski, anaiandika kwenye daftari, anaipeleka uani na kuiponda juu ya zege. Kisha fundi anatia sahihi kwamba ilikuwa mbovu. Watu walimwita mtunza stoo Nyundo, naye jina alilipenda.

Nne zilishapondwa. Kila ikipondwa moja ililetwa mpya, na baadhi ya hizo nne zilikuwa mpya hizohizo. Waya alibadilisha nyaya, akapuliza vumbi, akaongeza feni. Wapi! Ilikuwa kama kuteka maji kwa pakacha.

"Fundi, hizi diski unazilisha nini?" bosi alimuuliza mbele za watu.

"Sizilishi kitu, bosi."

"Ndiyo maana zinakufa!"

Ofisi nzima ikacheka. Waya akakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Jumatatu asubuhi alikaa sakafuni na kijidaftari chake, akapitia upya alichoandika miezi yote minne. Akasoma mara moja, akasoma tena. Zote nne zilitoka nafasi ya tano au ya sita. Nafasi ya kwanza hadi ya nne haikuwahi kutoa hata moja. Ubao mkuu wa kompyuta ya lile sanduku ulikuwa na matundu manne tu ya diski. Ya tano na ya sita zilichomekwa kwenye kadi ndogo ya pembeni.

"Mjinga mimi," alisema peke yake. "Nawalaumu wabebaji, kumbe kitanda ndicho kimevunjika mguu."

Hata hajainuka, taa mbili zikawa nyekundu kwa pamoja. Ya tano na ya sita. Kule mbele wakaanza kupiga kelele kwamba picha hazifunguki.

Mbele kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mama mmoja aliyeunguliwa na nyumba. Alishika risiti ya zamani iliyokunjwa mara nne. Alitaka picha ya mwanawe marehemu, na nakala nyingine duniani haikuwepo.

"Fundi, wanasema picha zimepotea?"

"Hazijapotea, mama. Zimelala tu. Nitaziamsha leo hii."

Alizichomoa zile mbili, akazichomeka kwenye kompyuta ya mezani kwake, akazisoma mwanzo hadi mwisho. Hadi saa nane mchana hakukuwa na doa hata moja. Akaenda kwa bosi karibu akimbie.

"Bosi, diski ni nzima. Kadi ndiyo inayoziachia."

"Na zile nne?"

"Zilikuwa nzima. Tumeziua wenyewe."

Bosi akakunja uso. "Yaani mimi nimeponda vitu vizima?"

"Tumeponda, bosi. Nipe saa moja nikaazime kadi kwa fundi mwenzangu. Nikizirudisha hizi mbili, picha zote zinarudi. Ila mwambie Nyundo asiziguse."

"Haya, nenda, nenda," bosi alisema, simu ishafika sikioni.

Waya alizipanga mezani, akabandika karatasi juu yake: ZISIGUSWE, NI NZIMA. Akatoka. Kwa mwenzake walipekua maboksi matatu ndipo kadi ikaonekana. Alirudi mbio, kadi kifuani kama kifaranga.

Aliusikia mlio uani kabla hajafika. Ko. Ko. Ko.

Nyundo alikuwa anafagia vipande vinavyometa. "Dada Waya! Nimekupunguzia kazi."

"Kulikuwa na karatasi."

"Niliiona."

"Uliisoma?"

"Niliisoma. Lakini haina muhuri, dada. Karatasi kila mtu anaandika. Mimi nafuata daftari: taa mbili nyekundu, diski mbili."

Bosi alitokea mlangoni. "Si ungemwambia?"

"Nilikuambia wewe."

"Ah! Basi yaishe, tutaagiza mpya. Kadi umepata? Ifunge."

"Nifunge nini, bosi? Wamebaki wanne. Wanne hawabebi."

Nyundo akafungua daftari juu ya ndoo, akampa kalamu. "Weka sahihi hapo, kama siku zote. Kwamba zilikuwa mbovu."

Kama siku zote. Waya akaiona sahihi yake pale juu, mara nne, nzuri, imejipinda mkia. Siku hizo hakuna aliyemshika mkono. Aliitia mwenyewe, harakaharaka, awahi kurudi kwenye nyaya zake. Sasa akazikata kwa mstari, moja baada ya nyingine. Kisha kwenye mistari yote sita akaandika neno moja: nzima, nzima, hadi wa mwisho.

"Umeniharibia daftari!" Nyundo alilalamika.

Waya akaweka funguo za chumba cha nyuma juu ya daftari, akapita mbele. Mama wa benchi akasimama.

"Zimeamka?"

"Hapana, mama. Tumezivunja. Nilikuahidi, na sina cha kukupa."

Mama aliitazama risiti, akaikunja tena kwenye mikunjo yake ileile. "Hii niitupe?"

"Usiitupe."

Akasimama naye kidogo, maana hakujua pa kupeleka macho. Halafu akasukuma mlango wa kioo, akashika njia ya kurudisha kadi ya watu. Bosi alimwita mara mbili. Kesho yake alimpigia simu, na keshokutwa pia. Fundi Waya hakurudi.