Dera la Mama Jukwaani

Shuleni kwetu kila Disemba tunaigiza pantomaimu, mchezo wa sikukuu ambao Waingereza waliuleta na sisi wengine tukauteka. Bibi kizee lazima aigizwe na mwanamume, na watazamaji ni marufuku kunyamaza. Jini akinyatia, watoto wanapiga kelele, "Yuko nyuma yako!" Ukikana jambo, ukumbi mzima unakubishia. Vichekesho ni vilevile tangu nikiwa darasa la kwanza, na bado tunavicheka kabla havijafika.

Mwaka jana bibi kizee nilikuwa mimi, mpishi wa mfalme. Mama nilimwambia naigiza mfalme mwenyewe. Mama ni mtu wa Mombasa, anasimamia usafi wa vyumba hotelini Al Barsha, hapa Dubai, na kwake mtoto wa kiume kuvaa nguo za kike si jambo la kuchekea. Nilijua siku ile yuko kazini. Gauni la shule lilinibana mabegani, basi nikaazima dera lake la zambarau, lile la Idi. Kuazima, maana yake niliingia kabatini yeye akiwa bafuni.

Niko jukwaani, makalio ya mito miwili, najipepea kwa mwiko, nikamwona safu ya tatu. Sare ya hoteli bado mwilini. Amebadilishana zamu aje kumtazama mfalme.

Akiinuka akatoka, khalas, nyumbani ni kimya wiki nzima, na kuliko kimya cha mama yangu, afadhali kofi. Akainuka kweli. Ila hakutoka.

"Wewe! Hilo dera ni langu!"

Kwa Kiingereza, tena kile cha kukemea vitanda vilivyotandikwa ovyo. Ningeomba radhi. Lakini mazoezi ya miezi miwili yalishanikaa mdomoni.

"Si lako!"

"Ni lake!" ukumbi ukanguruma, ukidhani ndio mchezo wenyewe.

"Si lake!"

"Ni lake!"

Mama akageuka. Watu wa aina ya wale anaowaita sir na madam kutwa nzima walikuwa wamesimama kumtetea, wengine na watoto mabegani. Nikauona mdomo wake ukipambana na kicheko, ukashindwa.

"Semeni tena!" akawaamuru. Wakasema tena.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta ananisubiri mlangoni.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Mfalme gani ana makalio hayo?" Akainama, akakagua pindo. "Utalifua kwa mkono. Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa kumi. Lakini si una zamu?"

"Zamu niachie mimi. Wewe uvae lile langu la kijani, hili halikukai. Na uache kukimbiakimbia kama bata. Mwanamke mwenye mzigo kama huo hana haraka."