Pango la Guruguru

Jirani yangu hapa Newala ni fundi mwashi, na ndani kwake amefuga guruguru kwenye kasha la kioo. Kila jioni huchovya kidole majini na kulainisha saruji ya pango analomjengea mjusi huyo, kisha hubandika magome ya mkorosho nyuma ya kioo ili pafanane na porini.

"Baba Somoe, na ukuta wa jikoni?" mkewe huuliza.

"Subiri kidogo," humjibu kwa upole. "Mgeni hajazoea."

Juzi mvua iliuangusha ukuta huo mkewe akipika. Fundi akakimbilia ndani, nikadhani anamfuata mkewe. Akatoka amekumbatia kasha. Mama Somoe akatoka mwenyewe, amelowa chapachapa, akamsukumia kifuani mtoto wao mchanga.

"Haya, na huyu mjengee pango."