Matusi ya Masanja

Siku yangu ya kwanza ya kukagua makazi ya wazee sikukagua chochote. Mkaguzi Mwandamizi, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule, alinipa kiti cha plastiki, akanionyesha kona ya wodi ya wanaume na kuniambia nikae pale mpaka chakula cha mchana kiishe.

"Nakaa nafanya nini, Mama?"

"Unakaa."

"Lakini mwongozo una vipengele vya..."

"Mwongozo nilikuwepo ukiandikwa, msomi. Kaa. Ukichoka kukaa ndipo utaanza kuona."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya ustawi wa jamii, na niliamini kila kitu kizuri kinaweza kupimwa, na kisichopimika ni porojo. Leo naamini nusu ya hayo. Watu wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa wamestaafu na wana mvi. Mimi sina hata moja. Naacha ukaguzi mwezi huu kwa hiari yangu, nakwenda kufundisha, na vijana wanaoingia kwenye kitengo wameniomba niwaeleze kazi hii inafanywaje. Nimekubali, ingawa sina hakika kama inafundishika.

Mambo yanayofundishika ni haya. Ukifika kwenye makazi, usianze ofisini, anza kitandani. Mzee asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja muda mrefu ngozi huoza. Tunaviita vidonda vya kulalia, navyo huanzia kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo. Funua shuka uangalie hapo. Angalia kucha. Angalia kikombe cha maji kimewekwa wapi, maana maji yaliyo mbali na mkono ni sawa na hakuna maji. Halafu kula wanachokula. Kule Dakawa, nilikopelekwa mwaka wangu wa kwanza, wahudumu walijivunia wali wa shamba lao, mweupe na wa kuchambuka, na wazee wasio na meno walikuwa wanalala na njaa mbele ya sahani zilizojaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mkaguzi Mwandamizi alitafuna vijiko viwili tu, akasema, "Huu wali ni wa harusi. Wapikieni bokoboko."

Baada ya Dakawa nikapangiwa Kisaki, ambako nilijifunza kusubiri, kwa sababu treni ya kule huja inapojisikia, na mzee mgonjwa hawezi kuisubiri. Wahudumu walikuwa wamejipangia zamu ya kuwapeleka wazee zahanati kwa bodaboda, mzee akifungwa khanga kiunoni na kuunganishwa na mhudumu aliyekaa nyuma yake asianguke. Mwongozo unakataza. Niliuliza wangefanya nini badala yake, na hakuna mtu ofisini aliyenijibu mpaka leo.

Lakini lililonifundisha kazi lilitokea karibu na nyumbani, Morogoro, kwenye makazi madogo upande wa mlimani, juu huko ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne na akina mama hushuka na matenga ya kabichi na njegere kwenda kuuza mjini. Mgeni mmoja aliyepeleka sabuni na sukari alimsikia mhudumu anamtukana mzee aliyepooza. Akapiga simu. Mkuu wa Kitengo akatuita.

"Mkathibitishe, aondolewe," alisema. "Lugha ya staha ni kipengele kisicho na mjadala."

Maana yake ilikuwa kwamba mhudumu yule akikutwa na hatia asingefanya tena kazi ya kulea wazee popote. Jina lake Masanja. Alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, amekuja Morogoro kukata miwa, mgongo ukamshinda, akaishia kwenye makazi ya wazee. Mzee mwenyewe aliitwa Mloka, Mluguru wa palepale milimani. Kiharusi kilimchukulia upande wa kulia, kikampinda mdomo na kumnyang'anya maneno yote.

Tulifika bila taarifa, wakati wa uji. Hatukuhitaji kusubiri.

"Fungua huo mdomo, we mbuzi wa mlimani!" Masanja alikuwa anasema, kijiko mkononi. "Njegere zimekupinda taya! Nyie Waluguru hata kumeza mpaka mfundishwe? Kufa basi, blanketi nichukue mimi!"

Mkaguzi Mwandamizi alinishika mkono. "Watani hao," akaninong'oneza. "Mnyamwezi na Mluguru. Twende zetu jikoni."

Hapo ndipo nilipombishia kwa mara ya kwanza. Nilijua utani ni nini. Kila mtu anajua kwamba kuna makabila yaliyoruhusiana tangu zamani kutukanana bila kukasirika, kuchukuliana vitu bila kuomba, na kuzikana. Lakini pia nilishaona neno hilo likitumika vibaya. Kwenye makazi mengine mhudumu mmoja alituambia "tunataniana tu", na bibi anayetaniwa alikuwa amegeukia ukutani. Tulimwondoa yule mhudumu na sijutii.

"Utani una watu wawili, Mama," nikamwambia. "Huyu mmoja hawezi kujibu. Tunajuaje?"

Bosi mwingine angeniambia nina kimbelembele. Yeye alisema, "Hatujui," akavuta viti viwili.

Tulikaa asubuhi nzima. Kwanza tulimfunua mzee: ngozi ilikuwa safi, visigino vizima, kucha zimekatwa. Kikombe kilikuwa upande wa kushoto, ulio na nguvu. Kitanda cha pili kilikuwa na mzee wa Kihaya, na Masanja alipomfikia aliinama akasema, "Shikamoo babu, umeamkaje?" kwa sauti ambayo sikudhani anayo. Nikamfuata.

"Kaka Masanja, mbona huyu unamwamkia na yule unamtukana?"

"Huyu si mtani wangu, dada mkaguzi. Nikimtukana huyu nimekosa adabu."

"Unajua kuna malalamiko? Unaweza kupoteza kazi."

"Nimesikia." Aliendelea kukunja shuka. "Sasa wewe niambie. Humu kila mtu anamsemesha kama mtoto mchanga. Babu kula, babu lala, babu pole. Na mimi nikianza kumsemesha kwa upole, si atajua anakufa?"

"Na kama matusi yanamuumiza?"

"Angenijibu."

"Hasemi, Masanja."

"Nani kakudanganya hasemi?"

Nilidhani ananikwepa. Saa ya chai ikaja, na chai ya pale ni kwa mihogo ya kuchemsha. Masanja alimlisha Mzee Mloka, kisha akaweka sahani yake mwenyewe kwenye stuli kati yao ili ale na yeye. Kabla hajakaa, mzee wa Kihaya akaita, na Masanja akaenda kumwinua. Ndipo mkono wa kushoto wa Mzee Mloka ulipotoka chini ya blanketi. Ulikwenda polepole mpaka kwenye stuli. Ukachukua kipande kikubwa cha muhogo wa Masanja, ukarudi nacho chini ya blanketi.

Masanja aliporudi alitazama sahani, akatazama dari, akapiga yowe lililoleta mpishi mlangoni. "Mwizi! Nimeibiwa! Jamani huyu mtu amepooza upande mmoja tu, upande wa wizi mzima!"

Mzee Mloka alikuwa anacheka. Sauti haikutoka, lakini tumbo lilikuwa linaruka chini ya blanketi, na nusu ya uso wake iliyobaki ilikuwa na ujeuri wa mtu aliyedai haki yake na kuipata. Mtani huruhusiwa kuchukua. Alikuwa amemjibu Masanja kwa ufasaha kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika.

Mkuu wa Kitengo hakufurahi. "Nataka ndiyo au hapana," alisema. "Ametukana, hakutukana?"

"Hakutukana," alijibu Mkaguzi Mwandamizi. "Jina langu liko chini ya maneno hayo. Ukimwondoa, keshokutwa nakuja na gari la ofisi nikuchukue ukamlishe mzee wewe."

Masanja akabaki. Mzee Mloka aliishi mpaka masika yaliyofuata.

Tulikwenda kumzika mlimani, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru. Ndugu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Mbele yao alisimama mpwa wake, mtoto wa dada, mtu wa makamo, maana kule mjomba ni mzigo wa wapwa kabla hajawa wa watoto wake. Muda wote ule sikuwahi kumwona kwenye makazi, wala mwongozo haukunipa mamlaka ya kumuuliza.

Jeneza lilipokaribia, Masanja akarukia kaburini. Akalala chali, akakunja mikono.

"Hazikwi mtu!" alipiga kelele. "Mpaka mniambie mlikuwa wapi!"

Watu wakacheka, wengine wakamrushia udongo kidogo, kama inavyofanywa kwa watani. Mmoja akamnyooshea noti ya kumtoa kaburini. Akaikataa.

"Sitaki hela za njegere! Nataka jibu. Mpwa, mlikuwa wapi?"

"Mbali, mtani," mpwa alisema, akijaribu kutabasamu.

"Mbali wapi? Toka kwenu mpaka kule ni mlima mmoja, na mnashuka kila siku na kabichi!"

Kicheko kikapungua. Mtu mwingine yeyote angesema maneno yale msibani angefukuzwa, lakini mtani hakatazwi.

"Tulimwonea aibu," mpwa alisema. "Udenda ule. Mjomba alikuwa mtu wa kuogopwa. Tukashindwa kumwona vile."

"Haya," Masanja alisema, sauti imeshuka. "Umesema kweli. Nipe mkono nitoke."

Mpwa akampa mkono, akamvuta. Kisha wote wawili wakapokea jeneza.

Bado nina maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Siamini kwamba kila kitu cha jadi kinalinda wazee, na mkiambiwa "ni utani tu" msikubali mpaka mmeona mkono wa anayetaniwa. Lakini nawashukuru wote: Mama aliyekubali kusema "hatujui" mbele ya mtoto wa chuo, wahudumu wa Kisaki, na Mzee Mloka.

Nilipokwenda kuaga kwenye makazi ya mlimani, nilimkuta mpwa wa Mzee Mloka. Huja siku za soko. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mzee wa Kihaya ambaye si ndugu yake, anamenya njegere kwenye ungo, na Masanja alikuwa anamwambia kwamba hata kumenya hajui. Yule bwana hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono, akachukua kofia ya Masanja kwenye stuli, akaivaa, akaendelea kumenya.