Macho Yasiyofaa kwa Leza

Mtu anayevaa miwani Bukoba kazi yake ya kwanza ni kufuta miwani, nyingine zinafuata. Mvua yetu haingoji msimu. Unatoka Kashai kukiwa na jua, bodaboda inashuka kuelekea mjini, na kabla hujafika sokoni lenzi zimejaa matone, kila kitu mbele yako ni madoa. Unafuta kwa upindo wa gauni, unakuwa umepaka tu. Nimevaa miwani tangu sekondari, na kwa miaka mingi malalamiko yangu yaliishia hapo, kwenye mvua.

Kisha namba ya miwani ikaanza kupanda. Kazi yangu ni kupima ubora wa kahawa. Wanaleta sampuli, nazimwaga kwenye trei, natenga punje nyeusi, zilizovunjika na zile zilizotobolewa na wadudu. Ni kazi ya macho na pua, ila macho ndiyo yanayotangulia. Mwaka juzi nilibadilisha miwani, mwaka jana nikabadilisha, mwaka huu nikabadilisha tena, na hiyo mpya haikunisaidia kitu. Taa za barabarani zilikuwa na mikia. Tundu la mdudu kwenye punje lilikuwa na kivuli pembeni, nikawa sijui nihesabu tundu lipi. Niliogopa sana. Nilijua siku nitakaposhindwa kuliona tundu hilo sitakuwa na kazi, na kwamba huenda kazi ikawa ndiyo hasara ndogo.

Badala ya kusema naogopa, nikaanza kuulizia leza. Wengine wakiogopa hunyamaza. Mimi huuliza maswali. Mama husimulia kwamba nilipokuwa darasa la kwanza mwalimu alimwita shuleni kutaka kujua kama nyumbani huwa sijibiwi.

Daktari wa macho mjini Bukoba alikuwa mtu mpole, na upole wake niliutumia mpaka ukakaribia kwisha. Nilimwambia nataka leza. Akaniuliza leza ipi. Nilidhani leza ni leza, kama sindano ni sindano, kumbe kuna namna kadhaa. Akachukua kalamu akachora jicho nyuma ya bahasha, akalichorea nyusi pia bila sababu yoyote.

Alianza na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho inayopindisha mwanga ili uangukie mahali pake ndani. Mimi sioni mbali kwa sababu mwanga wangu unaangukia mbele kidogo ya mahali hapo. Leza inapunguza konea kidogo sana katikati, mpindo wake unabadilika, mwanga unafika unakotakiwa. Tofauti iko kwenye namna ya kuifikia. Kuna njia ya kukata tabaka la juu likabaki limeshikilia upande mmoja, wakalifunua kama kifuniko, leza ikafanya kazi yake chini, wakalifunika tena; hiyo mtu anaona vizuri mapema, hata kesho yake. Kuna njia ya zamani zaidi, isiyo na kifuniko: wanaondoa ngozi ya juu kabisa, leza inapita juu, ngozi inajiotea yenyewe. Hiyo inauma kwa siku kadhaa na uoni unarudi taratibu, lakini huwafaa baadhi ya watu wenye konea isiyo nene sana. Ya tatu, leza inachonga kipande chembamba humohumo ndani ya konea, na daktari anakitoa kwa kitundu kidogo pembeni.

"Na asiyefaa kwa zote tatu?"

"Anaweza kuwekewa lenzi ndani ya jicho. Hiyo haigusi unene wa konea."

"Wakati leza inafanya kazi nitakuwa naona nini?"

"Taa."

"Ya rangi gani?"

"Dada, sijafanyiwa," akasema, akacheka. Nikamuuliza harufu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kuna watu husikia harufu. Nikamuuliza ikitokea nikapiga chafya. Nikamuuliza kama namba inaweza kurudi baadaye. Akasema kidogo inaweza, na kwamba nikizeeka nitahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine wote, leza haizuii uzee. Kisha akalitazama tena faili langu na kicheko kikamwisha. Kwa kawaida, alisema, hawafanyi leza mpaka namba iwe imetulia. Yangu ilikuwa inapanda haraka mno kwa mtu wa umri wangu, na hilo hakulipenda. Akataka nikapimwe umbo la konea Dar es Salaam, kwa mashine ambayo yeye hakuwa nayo.

Kabla ya safari nilikwenda kijijini kwetu Kishanda kumuaga mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikachukua kisu nikakaa naye. Nikaona hapa ndipo pa kumweleza. Nikashika ndizi moja nikamwonyesha: hili ganda ni konea, njia ya kwanza wanalifunua hivi, wanarudisha. Njia ya pili wanaparua hivi.

"Mawe!" mama akashtuka kwa Kihaya. "Kwa hiyo watakumenya?"

"Si kunimenya, mama. Ni kupunguza kidogo sana."

"Na mtu akimenywa anarudishiwa ganda?"

"Kwa njia ya kwanza, ndiyo."

"Basi chukua hiyo ya kwanza." Akatupa ndizi ndani ya sufuria. "Wewe na maswali yako yote, umemuuliza huyo daktari kama yeye mwenyewe anavaa miwani?"

Nilikiri kwamba anavaa. Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Siku ya Jumapili aliwasimulia wanakwaya wenzake wote, na nikaaga usharika mzima ukiwa na hakika kwamba nakwenda Dar kumenywa.

Jioni ile ya kumenya ndizi, kabla ya chakula, alinifanyia macho. Hii ni desturi ya nyumbani kwetu, sijui kama iko nyumba nyingine. Utotoni kahawa tulikuwa tunaianika uani kwenye mikeka, na wakati wa kuigeuza na kuikusanya vumbi la maganda linapanda, macho yanawasha hadi unataka kuyatoa uyaoshe. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko ya wenzangu wote. Mama hakuruhusu tuyasugue kwa vidole, alisema vidole ni vichafu. Alikata jani changa la mgomba, akalibabua juu ya makaa hadi likalainika, akalikunja, akaniweka kichwa mapajani mwake. Kisha aliniwekea jani la moto juu ya macho na kuyakanda kwa viganja, akikandamiza na kuzungusha polepole, mpaka muwasho ukaisha na nyota zikaanza kucheza gizani. Nilikua nikikandwa hivyo. Nilipohamia mjini, na vumbi la sampuli likawa vumbi la kila siku, niliendelea mwenyewe kila nikitoka kazini, kwa taulo la maji ya moto, kwa sababu Kashai huwezi kukata jani la mgomba wa mtu. Na kila nikifika Kishanda, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nililaza kichwa mapajani mwa mama. Sijui raha nyingine inayofanana na hiyo.

Mashine ya Dar es Salaam ilinivutia kuliko jiji lenyewe. Unaweka kidevu mahali pake, unatazama ndani, unaona duara za mwanga, moja ndani ya nyingine. Mashine inazisoma duara hizo zinavyoakisiwa na jicho lako, kisha inatoa ramani. Mimi niliiona kwenye kioo cha mashine kabla daktari hajaanza kusema. Ilikuwa na kijani, njano, na sehemu ya chini doa jekundu. Nikamwambia inapendeza.

"Haipendezi," daktari akasema. Alikuwa mama wa makamo, wa maneno machache. "Hilo jekundu ni mahali konea yako ilipochomoza. Imekuwa nyembamba hapo, inasukumwa mbele, inaelekea kuwa na ncha. Ndiyo maana namba inapanda, na ndiyo maana unaona taa zina mikia."

Nikamuuliza leza ipi inafaa kwa jicho la namna hiyo.

"Hakuna. Leza inapunguza konea, na wewe huna ya kupunguza. Wangekufanyia, ingezidi kuchomoza."

Nikazihesabu kichwani zile njia. Ya kifuniko, hapana. Ya kuparua, hapana. Ya kitundu pembeni, hapana. Nikamtajia lenzi ya ndani. Akasema haiondoi ugonjwa, jicho linaweza kuendelea kuharibika na lenzi yake ndani. Nikauliza lisipotibiwa litafika wapi. Alinijibu bila kunificha: linaweza kufika mahali miwani haisaidii tena, konea ikapata makovu, na mtu akahitaji kupandikizwa konea ya marehemu. Hapo nililia. Nililia kwa sauti, na daktari akanisogezea karatasi za kufutia machozi.

"Yafute taratibu," akasema. "Usisugue. Huwa unasugua macho?"

"Hapana," nikajibu kwa uhakika kabisa, maana nilikuwa nimelelewa kutosugua.

Akanieleza kilichowezekana. Wanaondoa ngozi ya juu, wanatia matone ya vitamini kwenye konea, kisha wanaimulika kwa mwanga maalumu, na nyuzi za ndani ya konea zinashikana na kuwa ngumu. Hairudishi uoni. Inajaribu kuzuia usipotee zaidi. Maswali yakanirudia na machozi yakakauka: vitamini hiyo ni ileile ya kwenye chakula? Ni ileile, ya aina moja. Kwa nini isinywewe? Kwa sababu inatakiwa kuwa pale mwanga unapopiga. Inashikanaje? Akanichorea, bila nyusi. Nadhani alianza kunipenda, kwa sababu aliendelea hata bila kuulizwa. Wapo wanaozaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu, alisema. Wapo wenye mzio, macho yakiwasha wanayasugua, na kusugua kunachangia.

"Na ukishatibiwa ni marufuku kuyagusa maisha yako yote. Ninaposema kusugua sisemi vidole tu. Kukandamiza jicho kwenye mto. Kuyakanda. Viganja vinavyokandamiza na kuzungusha ndivyo vibaya kabisa."

Mikono yake ilikuwa hewani ikionyesha, ikizunguka polepole.

Niliitazama ile mikono. Nilikuwa na swali moja tu, tayari mdomoni, lenye jani na makaa na miaka yote ile ndani yake.

"Una swali lingine?" akauliza.

Nikamwambia sina.

Walinitibu jicho moja, na la pili baada ya la kwanza kupona. Siku za mwanzo ziliuma kama vile nimemwagiwa mchanga wa moto, na binamu yangu niliyefikia kwake alinifungia mapazia mchana kutwa. Baada ya miezi kadhaa nilipimwa tena, na lile doa jekundu lilikuwa halijasogea. Bado navaa miwani, nyingine iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi, na tundu la mdudu nalihesabu moja. Hayo nayasema hapa mapema ili msomaji asikae na wasiwasi, maana lililobaki lilitokea kabla ya kipimo hicho, mara ya kwanza niliporudi Kishanda.

Mama alinipokea kwa kuniinua kidevu na kunichunguza. Aliona miwani ipo palepale.

"Hawakukumenya?"

"Hawakunimenya, mama. Nilikuwa sifai." Nikamweleza yote, isipokuwa lile moja. Alisikiliza akitikisa kichwa, akimshukuru Mungu kila nilipovuta pumzi. Tukaenda kugeuza kahawa pamoja, yeye akanikataza nisikaribie vumbi, nikakaa mbali nikiwa nimefunga kitenge usoni. Jioni ilipofika alikwenda mgombani na kisu kabla sijamzuia. Nilimkuta jikoni analizungusha jani juu ya makaa.

"Njoo ulale hapa," akasema, akijipigapiga paja.

"Mama, daktari amekataza."

"Mpaka upone?"

"Siku zote."

"Hata kwa jani?"

"Hata kwa jani."

Hakuuliza kwa nini. Jani lilikuwa bado mkononi mwake, linatoa mvuke. Alilikunja, akalikunjua, kisha akalisukumia motoni lote.

"Huo ugonjwa," akasema bila kunitazama, "daktari alisema unatokana na nini?"

"Sikumuuliza, mama."

"Wewe?"

Mama ananijua. Amenijibu maswali tangu nilipojua kusema, na hajawahi kuona mtu ananitibu bila kunieleza sababu. Alichochea makaa muda mrefu kuliko yalivyohitaji, na nilipomwona anafuta pua kwa mgongo wa mkono nikasogea nikakaa karibu naye mpaka mabega yetu yakagusana.

"Basi hata ukirudi kwake," akasema, "usimuulize."